Kenwood TS-440S iliyozeeka: kuinunua, kuiamsha na kukaa nayo miaka

Redio yangu ya kwanza ya masafa mafupi, hii TS-440S ya kupokea na kurusha mawimbi, niliinunua ikiwa imeviringishwa kwenye shuka. Mwenye nayo alikuwa anahama mji, hakutaka kuibeba, akanihakikishia kwamba "inawaka vizuri". Kweli iliwaka. Skrini ya buluu ilionyesha safu ya nukta, nukta tupu, na spika haikutoa hata mlio wa mbu. Nikajua nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Leo ni mwaka wa 14, redio ile ile iko mezani kwangu hapa Tanga, na asubuhi hii imenipatia mazungumzo na mtu wa Afrika Kusini kwenye bendi ya mita 20 kana kwamba yuko chumba cha pili.

Katikati ya siku hizo mbili nimeifungua mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri mbele ya mke wangu. Haya ndiyo niliyojifunza, yamepangwa kwa mfuatano ambao ningetamani mtu angenipa mapema.

TS-440S ilitoka katikati ya miaka ya 1980, kipindi kile kile ambacho kampuni ya Trio-Kenwood ya Japani iliacha jina la Trio ikabaki Kenwood tu. Inapokea kuanzia kilohezi 100 hadi megahezi 30 bila kuruka, inarusha takriban wati 100 kwenye bendi zote za redio ya ridhaa kuanzia mita 160 hadi mita 10, ina kumbukumbu 100, na unaweza kuandika masafa moja kwa moja kwa vitufe vya namba. Inakula volti 13.8 za DC. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo inayoifanya itufae sisi: betri ya gari na sola vinaiendesha, na umeme ukikatika mtaa mzima, ndipo inaposikia vizuri zaidi.

Jambo moja liweke kichwani tangu mwanzo, maana mwongozo wote unalizunguka. Redio hii haiugui kwa kutumika, inaugua kwa kukaa. Na karibu magonjwa yake yote ni ya aina mbili: umeme umeshindwa kupita mahali unapotakiwa kupita, au unapita mahali usipotakiwa. Transista na saketi jumuishi zenyewe hufa mara chache. Kwa hiyo fundi anayeanza kwa kubadilisha vipuri anaanza mwisho.

Kabla ya kutoa pesa

Usiende kuitazama mikono mitupu. Beba betri ya gari iliyojaa, nyaya nene zenye fyuzi, waya wa mita tano hivi wa kutumia kama antena, mita ya kupimia volti na, ukiweza, mzigo bandia (unaomeza nguvu ya kurusha badala ya antena) wa omu 50 unaostahimili wati 100. Muuzaji akisema "waya wa umeme umepotea lakini ilikuwa nzima," ichukulie kuwa mbovu na upatane bei kwa msingi huo.

Geuza nyuma kwanza. Soketi ya umeme ina pini sita za mstatili, na hapo ndipo ampea 20 hupita wakati wa kurusha. Plastiki ikiwa imegeuka rangi ya kahawia au imelainika, mtu amerusha mawimbi kwa nguvu nyingi huku pini zikiwa zimelegea. Inatibika, lakini ni sababu ya kupunguza bei. Kisha tazama skrubu za vifuniko. Zikiwa zimeliwa vichwa, redio imeshafunguliwa na mtu mwenye haraka. Ningependa zaidi kukuta skrubu safi zilizofunguliwa na mtu mwenye subira kuliko ambazo hazijaguswa tangu kiwandani, kwa sababu redio ya umri huu ambayo haijawahi kufunguliwa bado ina gundi ya asili ndani, na gundi hiyo tutaizungumza kwa urefu.

Iwashe. Sasa usiharakishe. Ukifika ukaikuta tayari inawaka na ina joto, omba kwa adabu izimwe, mnywe chai, mpige soga robo saa au zaidi, kisha iwashwe upya mbele yako. Zile nukta za kwenye skrini mara nyingi hujitokeza redio ikiwa baridi na kupotea ikipata moto, mara nyingine kinyume chake. Iache iwake nusu saa nzima. Pita bendi moja moja kuanzia megahezi 1.8 hadi 28, sikiliza kelele inavyobadilika, bonyeza kila kitufe cha namba. Bendi moja ikiwa kiziwi na nyingine zinasikia, kumbuka ni ipi. Hiyo ni dalili yenye thamani kubwa baadaye.

Mwisho, kama mwenyewe anakubali, ondoa kifuniko. Fanya polepole, waya wa spika unaweza kuwa umeshikilia. Tafuta vichujio vya ziada, vile vinavyozuia stesheni za jirani: YK-88S, YK-88SN cha kilohezi 1.8, YK-88C cha hezi 500, YK-88CN cha hezi 270. Watu huviuza kando kwa bei nzuri, na mara nyingi muuzaji hajui kwamba vimo. Mimi sisemi umfiche. Nasema tu utazame.

Toleo lenye maandishi ya AT lina kifaa cha ndani cha kulinganisha antena. Ni kizuri kuwa nacho, ila usilipe maradufu kwa ajili yake.

Neno kuhusu sheria: kununua redio ni jambo moja, kurusha ni jingine. Tanzania leseni hutolewa na TCRA na alama zetu za kujitambulisha hewani huanza na 5H. Kenya ni Communications Authority na alama huanza na 5Z. Hadi leseni iwe mkononi, mzigo bandia ndiyo antena yako ya kurushia.

Umeme, kabla ya kitu kingine chochote

Nusu ya malalamiko niliyosikia kuhusu redio hii yalikuwa malalamiko ya nyaya. Sauti inakwaruza ukirusha, taa zinafifia kwenye kilele cha neno, mwenzako anakwambia "unatetemeka kidogo, bwana". Redio nzima, waya mwembamba.

Hesabu ni rahisi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi za nyumbani, ukiuvuta mita mbili kwenda na mbili kurudi, kwa ampea 20 unapoteza zaidi ya nusu volti. Wa milimita 6 unapoteza robo tu. Betri yenyewe ikiwa na volti 12.3 na mzigo juu yake, nusu volti hiyo ndiyo tofauti kati ya sauti safi na sauti ya mtu anayeongea ndani ya ndoo. Weka fyuzi kwenye nyaya zote mbili, karibu na betri na si karibu na redio. Na vua pete. Volti 12 hazikupigi shoti, lakini ampea mia za betri zikipita kwenye pete ya ndoa zinaunguza kidole.

Wengi wetu tunanunua pawasaplai za bei nafuu zile za kamera za ulinzi na taa za LED, za volti 12, zenye skrubu ndogo ya kupandisha hadi 13.8. Zinafanya kazi. Tatizo lao ni kelele: unasikia mvumo unaotembea polepole kwenye bendi kila baada ya kilohezi kadhaa. Kabla hujaituhumu redio, ichomoe pawasaplai uunganishe betri. Kelele ikitoweka, umempata mhalifu. Kontrola za chaji za sola nazo zina tabia hiyo hiyo. Mimi hukata paneli ninapotaka kusikiliza stesheni dhaifu.

Na kama umepata redio pamoja na pawasaplai yake ya asili, PS-50, iliyotoka Marekani, tazama swichi ya volti iliyo nyuma kabla ya kuchomeka ukutani. Volti 230 zetu kwenye mpangilio wa 120 hazisubiri usome mwongozo.

Kuiamsha baada ya usingizi mrefu

Redio iliyolala kabatini miaka usiianzishe kwa kurusha. Fungua vifuniko vyote viwili. Tumia bisibisi iliyotengenezwa kwa skrubu za Kijapani kama unaipata. Bisibisi ya kawaida ya msalaba huteleza na kula kichwa. Kama huna, bonyeza kwa nguvu na zungusha taratibu.

Ondoa vumbi kwa brashi laini. Pwani hapa utakuta zaidi ya vumbi. Ndani ya yangu nilikuta mayai mawili ya mjusi, makavu, juu ya bodi ya chini, na mende mmoja aliyekuwa ameshakuwa kumbukumbu. Mkojo wa mjusi unakula shaba, kwa hiyo ukiona doa la kijani kwenye njia za bodi, lisafishe kwa pombe ya isopropili na mswaki wa zamani, acha likauke kabisa.

Chomoa kila plagi ndogo ya nyaya, irudishe, ichomoe tena, irudishe. Mara mbili tatu zinatosha kukwangua utando wa kutu. Piga picha kwanza kwa simu, kwa sababu plagi zinafanana na kumbukumbu ya binadamu ni fupi. Kisha, na hili ndilo watu hulidharau, legeza kila skrubu inayoshikilia bodi kwenye fremu robo mzunguko halafu ikaze tena. Bodi za TS-440S hupata "ardhi" yake kupitia skrubu hizo. Chini ya kichwa cha skrubu, miaka inaweka utando usioonekana, na redio inaanza kuwa na tabia za ajabu ambazo hakuna mchoro unaoweza kuzieleza.

Washa sasa, sikiliza tu, siku nzima ukiweza. Kama vitufe vinagoma au skrini inaonyesha masafa ya kipuuzi, zima, bonyeza kitufe cha A=B, washa ukiwa umekishikilia. Kumbukumbu zote zitafutika na akili ya redio itaanza upya.

Nukta

Hapa ndipo kila mwenye TS-440S hufika, mapema au baadaye. Skrini inaacha namba na kuonyesha nukta. Redio inakuwa bubu na kiziwi kwa pamoja. Maana yake ni kwamba mzunguko wa PLL, ule unaotengeneza masafa, umeshindwa kujifunga. Redio inajua haijui iko wapi, na kwa heshima yake inakataa kurusha ovyo. Mimi naiona kuwa ni tabia ya kiungwana.

Siku ile ya shuka nilimpelekea fundi mmoja mzee Mombasa. Hakugusa chombo chochote kwanza. Aliniuliza, "Mwanangu, nukta zinakuja bendi zote au baadhi?" Sikujua. Akanirudishia redio: "Nenda kaiulize mwenyewe, kisha urudi." Nilikasirika njia nzima hadi Horohoro. Alikuwa sahihi.

Kwa hiyo anza kwa kuandika. Chukua daftari, pita masafa yote kwa megahezi moja moja, andika palipo na nukta na palipo salama, redio ikiwa baridi, kisha tena baada ya saa nzima. Ndani kuna VCO zaidi ya moja, yaani saketi zinazozalisha masafa kwa kuongozwa na volti, zikigawana masafa kama wachezaji wanaogawana uwanja. Nukta zikiwa sehemu moja tu ya masafa, mtuhumiwa ni VCO ya sehemu hiyo au njia inayoilisha. Zikiwa kila mahali, tatizo liko kwenye kitu wanachochangia wote: chanzo cha masafa ya rejea, plagi, ardhi, au VCO inayohudumia zote.

Kisha fuata mfuatano huu, na usiruke.

Kwanza, skrubu na plagi, kama ulivyofanya juu. Redio mbili kati ya tatu nilizowahi kusaidia marafiki ziliishia hapa, na mmoja wao alikuwa ameshaagiza vipuri.

Pili, gonga. Chukua kijiti cha mwiko au kipande cha plastiki, redio ikiwaka, gusagusa bodi kwa upole. Nukta zikija na kwenda kulingana na unapogusa, una kiungo cha risasi ya kulehemu kilichopasuka. Kioo cha kukuza kitakuonyesha ufa wa duara mwembamba kama unywele kuzunguka mguu wa kipuri, hasa kwenye plagi, kwenye vipuri vizito na kwenye makasha ya bati. Ondoa risasi ya zamani, weka mpya. Kuongeza mpya juu ya ya zamani ni kumpaka maiti mafuta.

Tatu, joto na baridi. Kikausha nywele kwa mbali upande mmoja, dawa ya kupoza upande mwingine. Joto likibadilisha hali kuzunguka kasha fulani la VCO, umekaribia.

Nne ni gundi, na hapa tukae.

Kiwandani walijaza makasha ya VCO gundi laini ili koili na vipuri visitetemeke, maana mtetemo wowote hugeuka kuwa kelele kwenye masafa. Wazo lilikuwa zuri. Ila hakuna aliyewaza kwamba redio hizi zitakuwa bado zinafanya kazi baada ya miaka 35 na zaidi. Gundi ile ikizeeka inageuka rangi, inavuta unyevu, inaanza kupitisha umeme kidogo na kula miguu ya vipuri. VCO inaanza kuhama taratibu, hadi siku moja PLL inanyoosha mkono na haiifikii. Kwetu pwani, penye unyevu mwaka mzima, mchakato huo una haraka zaidi.

Kuiondoa ni kazi ya jioni mbili, si moja. Toa bodi, fungua kifuniko cha kasha, piga picha. Chimbua gundi kwa kijiti cha meno na kijiti cha mbao kilichochongwa. Chuma usitumie, koili zina waya mwembamba na ukizihamisha hata kidogo, masafa yanahama nazo. Mahali ilipogoma, pasha joto kidogo, inalainika. Safisha kwa pombe ya isopropili, rudia, rudia tena. Gundi iliyobaki chini ya kipuri ni ugonjwa uliobaki. Kisha kagua miguu: iliyogeuka kijani au nyeusi, badilisha kipuri hicho kwa kile kile kilichoandikwa kwenye mchoro wa huduma. Acha bodi ikauke usiku kucha, mahali pakavu.

Baada ya hapo VCO itakuwa imehama, kwa sababu gundi nayo ilikuwa sehemu ya hesabu. Mwongozo wa huduma wa redio hii unapatikana bila shida, nao unaonyesha mahali pa kupimia na volti inayotakiwa kwa kila VCO. Weka mita pale, geuza trima (kirekebishi kidogo cha kuzungusha) taratibu kwa bisibisi ya plastiki hadi ifike. Hiyo ndiyo mara pekee katika mwongozo huu nitakapokwambia ugeuze kitu cha ndani.

Ya kwangu niliifanyia gundi mwaka wa pili. Nukta hazijarudi kwa sababu hiyo. Zilirudi mara moja, mwaka wa tisa, nikapaniki, nikatafuta vijiti vyangu vya meno. Ilikuwa skrubu moja ya ardhi.

Betri ndogo ya kumbukumbu

Ndani kuna betri ya lithiamu iliyolehemewa, inayotunza zile kumbukumbu 100. Ikifa, unapoteza kumbukumbu ukizima redio, basi. Nasisitiza hili kwa sababu hofu imesambaa kutoka kwa redio nyingine: baadhi ya Icom za miaka ile, kama IC-751 na IC-745, ziliweka programu yenyewe ya redio kwenye RAM, kumbukumbu ya muda inayolindwa na betri, na betri ikifa redio nzima inapoteza akili. TS-440S haina ugonjwa huo. Badilisha betri kwa utulivu, weka na kishikio chake ili mara ijayo usihitaji kulehemu.

Inasikia kiasi gani?

Usipime kwa stesheni kubwa za utangazaji, hizo hata msumari unazipokea. Weka megahezi 14.100, modi ya CW, yaani milio ya Morse. Hapo kuna vinara vya kimataifa, yaani stesheni za kupimia usikivu, vya mashirika ya wanaredio NCDXF na IARU, 18 kwa jumla, vinavyopokezana kila kimoja sekunde 10, mzunguko mzima dakika 3. Kila kinara hutuma alama yake na mstari (mlio mrefu) mmoja kwa wati 100, kisha mistari mitatu kwa wati 10, wati 1 na sehemu ya kumi ya wati. Kenya imo kwenye orodha kwa alama 5Z4B, Afrika Kusini ni ZS6DN, Sri Lanka 4S7B. Ukisikia mstari wa wati 1 kutoka bara jingine, masikio ya redio yako ni mazima, shida uitafute kwenye antena. Vipo pia kwenye 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200, kwa hiyo unapima bendi tano kwa saa moja.

Kama bendi zote zinasikika hafifu na zinafufuka baada ya kurusha kidogo kwenye mzigo bandia, miguso ya rilei (swichi zinazoendeshwa na umeme) ina kutu. Kupima usahihi wa masafa, tega usiku stesheni za saa sanifu, BPM ya China au WWV ya Marekani, kwenye 10 au 15 megahezi, badilisha kati ya modi za USB (upande wa juu wa masafa) na LSB (upande wa chini). Mlio ukiwa sawa pande zote mbili, uko sahihi.

Nisiseme uongo: pembeni ya stesheni yenye nguvu, redio za kisasa zinaishinda. Siku za mashindano, bendi ikijaa, mimi hutumia vidhibiti vya kupunguza mwingiliano, IF SHIFT, NOTCH na ATT, na bado kuna stesheni naziachia. Ila ukaaji wa kawaida wa jioni kwenye mita 40, masikio hayachoki. Wenzangu wawili wenye redio mpya za skrini za rangi wanakiri hivyo, mmoja kwa shingo upande.

Aliyewahi kuweka kadi ya VS-1 ndani ya hii redio atakwambia inasema masafa kwa sauti. Ndiyo maana baadhi ya wanaredio wasioona hawakubali kuiuza.

Kurusha, na FT8

Anza CW, nobu ya CAR (inayopanga nguvu) chini kabisa, mzigo bandia nyuma. Panda polepole: wati 10, 30, 50. Tazama ampea, sikiliza feni, gusa bati la kupozea. Kila bendi. Ukiona nguvu kamili kwenye megahezi 3.5 na robo yake kwenye 28, pima kwanza volti kwenye soketi ya redio ukiwa unarusha, kabla hujaanza kulaumu transista za nguvu.

Antena rahisi zaidi ni dipole, waya uliogawanywa katikati: gawa 143 kwa masafa ya megahezi, unapata urefu wote kwa mita. Kwa 7.1 ni mita 20 na sentimita 14, mita 10 na kidogo kila upande. Kilinganishi cha ndani cha AT kinasaidia kunyoosha SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena) iliyopinda kidogo, si kugeuza kamba ya nguo kuwa antena. Kikiendelea kunguruma kikitafuta bila kutulia, kizime. Nenda ukarekebishe waya nje.

FT8, mawasiliano ya kidijitali yanayoendeshwa na kompyuta, inawezekana kabisa, megahezi 14.074, modi ya USB. Sauti unaitoa kwenye soketi ya ACC2 yenye pini 13: pini ya 3 ni sauti inayotoka, ya 11 ni inayoingia, na pini ya kuwashia urushaji itazame kwenye mwongozo. Weka transfoma ndogo za kutenga kati ya redio na kompyuta, vinginevyo utasikia mvumo. Kutawala masafa kwa kompyuta kunahitaji kifurushi cha IC-10 ndani ya redio, kasi 4800, na ishara za kidijitali za aina ya TTL zilizogeuzwa. Adapta ya kawaida ya USB ya kompyuta isiyogeuza haitasikilizana nayo. Mimi nilichoka nikazungusha nobu kwa mkono. Kitu kimoja tu usikisahau: FT8 ni mlio usiopumua kwa karibu sekunde 13. Shusha hadi wati 30 au 40. Redio hii ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaovuta pumzi kati ya maneno.

Kukaa nayo

Masika yakianza, kwa sababu ya radi, antena ichomolewe usiku, na si kuchomolewa tu, bali iwekwe nje ya dirisha. Redio ifunikwe kwa kitambaa cha pamba. Mfuko wa nailoni unafungia unyevu ndani. Iwashe angalau mara moja kwa wiki, saa mbili tatu, ijikaushe yenyewe. Mimi nimeyabandika wavu mwembamba matundu ya chini kwa ajili ya mijusi, nikauacha upande wa feni wazi.

Koili zenye vichwa vya rangi, ziache. Ukiona kama kiini kimoja "kimelegea" usikikaze. Viini hivyo vilipangwa kwa mashine za kiwanda, na redio nyingi zilizokufa kabisa nilizoziona hazikuuawa na gundi wala umri, ziliuawa na bisibisi ya mtu mwenye nia njema Jumapili mchana.

Nimenunua ya pili miaka sita iliyopita, hiyo kwa bei ya vipuri, nyuma yake pameungua. Mpango ulikuwa kuichinja. Nikaibadilishia soketi ya umeme, nikakaza skrubu, nikaiwasha kwa betri ya pikipiki. Inapokea, hairushi. Iko juu ya kabati la chumbani kwa binti yangu, waya wa mita tano dirishani, na usiku anaitumia kusikiliza stesheni za mbali ambazo hajui lugha zake.